Barabara ya zamani imetupwa mtaani kwenu? Igeuzeni njia ya kutembea, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. Tuanzie wapi, ruhusa inatoka kwa nani, tumwage zege au tuache lami ya zamani, bodaboda tutawazuia vipi, pesa je. Nishajibu kwa simu, nishajibu kwenye magrupu ya mtaa, juzi nimejibu nikiwa nangoja feri Likoni. Sasa naandika yote mahali pamoja, ukishasoma hapa tukionana tunaongea ya mtaa wako na si ya mwanzo mwanzo.

Stori yetu kwa ufupi. Huku upande wa Jomvu, Mombasa, barabara kuu iliponyooshwa kikabaki kipande cha kona, kama mita 600 hivi, lami ya zamani, kalvati mbili (zile njia za maji chini ya barabara) na ukuta mfupi wa mawe upande wa bondeni. Miaka na miaka kilikuwa jaa la taka na hapo hapo ndio njia ya watoto kwenda shule. Wengine waliona heri wapite kando ya barabara mpya, ukingoni mwa malori ya kontena, na hilo ndilo lililonitia moto, manake mtu wa miguu Mombasa ameachiwa mtaro na vumbi na hapo pembeni kuna barabara nzima imelala. Leo kina mama wanatembea pale baada ya alasiri, na mzee wetu mmoja aliyepata kiharusi anafanya mazoezi na mkongojo wake bila kuogopa kugongwa.

Vipande kama hivi viko vingi kuliko unavyodhani. Njia ya kutoka Mombasa kwenda bara ni kongwe kuliko gari. Misafara ilipita kwa miguu, mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ikaanza kuchonga barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kuelekea Busia, ile ya Mackinnon-Sclater, 1896 ikaanza reli, baadaye lami, alafu upanuzi juu ya upanuzi. Kila wakinyoosha kona, ile kona ya zamani inabaki imeachwa.

Na si wazo la ndoto. Kule Oregon, Marekani, wana barabara ya kihistoria ya Columbia River iliyojengwa kati ya 1913 na 1922, barabara kubwa mpya ilipokuja vipande vya zamani vikatupwa, mahandaki mawili pale Mosier yakajazwa mawe yakazibwa. Wakayachimbua, na tangu 2000 watu wanapita humo kwa miguu na kwa baiskeli, gari marufuku. California nako kuna Devil's Slide, barabara ya pwani iliyokuwa inaporomoka kila mara, mahandaki ya kuikwepa yakafunguliwa 2013 na mwaka uliofuata ile ya zamani, kama kilomita 2, ikapewa wanaotembea. Na kama unaona Marekani ni mbali, panda matatu ya Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha simiti yaliyokuwa mawe matupu, René Haller akaanza kupanda miti 1971, mivinje ikashika, leo ndio Haller Park, bustani ya miti na wanyama.

Kabla hujasoma hatua, shika mambo mawili. Kipande kilichoachwa kina mwenyewe na kina watu wake tayari. Na adui yake namba moja ni maji. Makundi mengi niliyoona yameanza na rangi na viti, alafu masika moja tu vyote vikaenda.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Watu kwanza. Msipungue 10, na kati yao awemo fundi wa mawe, mtu wa bodaboda, mama mwenye biashara karibu na hapo, mzee anayekumbuka barabara ilivyokuwa, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au anayetembea kwa shida. Huyu wa mwisho usimwache umkumbuke mwishoni, yeye ndiye atakaekwambia njia inapitika au haipitiki.

Vifaa vya kazi: majembe, sururu, machepe, mapanga, fyekeo, reki, wilbaro mbili au mkokoteni wa kuazima, gambuti, glavu nene za ngozi (za kitambaa hazisaidii kitu), kamba, mpira wa levo wa fundi (ule mwembamba unaotiwa maji kupima usawa), futi ya mita 30, magunia, mitungi ya lita 20, na boksi la huduma ya kwanza. Daftari. Simu yenye kamera nzuri.

Pesa haitakiwi nyingi mwanzo. Sisi miezi ya kwanza tulikuwa tunanunua maji ya kunywa, chai na mahamri tu, vifaa vyote vya kuazima.

Hatua ya 1: Tembea kipande chote mara nne

Alfajiri, saa nane mchana, saa moja usiku, na siku ya mvua. Usiende peke yako usiku. Andika kila unachokiona: nani anapita, anatoka wapi anaenda wapi, nani ameweka meza, gari gani linaegeshwa, maji yanasimama wapi, nguzo za stima ziko wapi, mabomba ya maji yamepita wapi. Piga picha kila mita 20 na uandike namba. Hizo picha utazihitaji ukienda ofisini na utazihitaji tena mwaka ukiisha.

Siku ya mvua ndio muhimu kuliko zote. Nenda mvua ikiwa inanyesha, si baadaye, uone maji yanakotoka.

Hatua ya 2: Jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo wengi wanaponiuliza "si imeachwa tu?" Hapana. Gari kuacha kupita hakuifanyi kuwa shamba la bure. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu barabara kuwa ardhi ya umma, na chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 barabara kuu za taifa ziko kwa KeNHA, yaani mamlaka ya barabara kuu, za mijini zilizo za taifa ziko kwa KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na kwa Katiba hiyo hiyo za kaunti ziko kwa serikali ya kaunti. Kipande chenu kinaweza kuwa kimebaki kwenye daftari la yule aliyekijenga zamani hata kama mtaa mzima unaamini ni cha kaunti.

Fanya hivi. Andika barua moja fupi, weka ramani ya simu yenye kipande kimewekwa alama, weka picha tatu, uliza mambo mawili tu: je kipande hiki kiko chini yenu, na kuna mpango wowote wa kukitumia? Peleka nakala kwa wote watatu siku moja, na kila ofisi wakupigie muhuri kwenye nakala yako. Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ndani ya barua, manake inawapa siku 21 kukujibu, na wasipojibu kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupeleka malalamiko.

KOSA LA KAWAIDA: kupeleka barua bila kupigiwa muhuri. Ofisi moja ilituzungusha miezi minne, barua haionekani, leta nyingine, aliyepokea amehamishwa. Tulipoleta nyingine tukasimama pale pale mpaka ikapigwa muhuri, na jibu likatoka.

Ukishajua mwenyewe, omba ruhusa ya maandishi. Usiombe kupewa ardhi, hapo utawatia hofu na hutapata. Omba kusafisha, kutunza na kutumia kwa watembea kwa miguu, na useme wazi kwamba hamjengi kibanda wala nyumba. Kama kuna mikoko karibu, Huduma ya Misitu, yaani KFS, lazima waambiwe, na mkoko haukatwi hata tawi bila wao. Kama kuna daraja la zamani, mawe ya maili au ukuta wa kihistoria, waone watu wa Makavazi ya Taifa pale Fort Jesus kabla hamjagusa, kuna sheria ya urithi ya 2006 na ina meno.

Hatua ya 3: Jiandikisheni

Kikundi chenye watu 10 au zaidi kinaandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mtatakiwa katiba ya kikundi, maandishi ya kikao, majina na vitambulisho. Bila cheti hamfungui akaunti na hakuna ofisi itakayowapa ruhusa, mtakuwa vijana fulani tu. Bas, hii imeisha.

Hatua ya 4: Kaeni na walio pale tayari

Hii ni wiki tatu za kuongea na ni kazi ngumu kuliko kuchimba. Kwenye kipande chetu kulikuwa na meza ya viazi karai, gereji ya kando ya njia, maskani ya vijana, stendi ya bodaboda, na upande wa nyuma ya ukuta vijana wanaotumia dawa za kulevya. Kila mmoja alidhani tunakuja kumfukuza, na kwa kweli historia ya mji huu inampa haki ya kudhani hivyo.

Usiwaite wote kwenye mkutano mmoja wa hadhara wa chifu ukafikiri yameisha. Mkutano ufanyike, ndio, na chifu na mzee wa mtaa na mwakilishi wa wadi wajue mapema, lakini maneno ya kweli yanasemwa mkiwa wawili watatu mmekaa kwenye kahawa. Nenda kwa mama wa viazi umuulize, "Mama, ukihamia pale mwanzo wa njia, watu wakiwa wengi jioni, biashara itaumia au itapona?" Sikiliza jibu lake. Wetu alituonyesha kwamba akihamia tulipomwambia atakosa kivuli saa tisa, tukabadilisha mpango. Sasa yeye ndiye jicho letu, akiona mtu anamwaga taka anamkemea kabla sisi hatujafika.

Wale vijana wa dawa nao waendee kwa heshima, na mtu wanaemjua. Tuliwaambia siku za kazi, tukawaomba sindano wazitie kwenye chupa ngumu za plastiki tulizowaachia. Wawili walikuja kufyeka.

Gereji ilichukua muda. Tuliandikiana na mwenyewe makubaliano ya kuhamia nje ya lami ndani ya miezi mitatu na tukamsaidia kusawazisha uwanja wake mpya. Ahadi ya mdomo usikubali, iandikwe, kila mtu aweke sahihi, mzee wa mtaa ashuhudie.

Hatua ya 5: Maji kwanza, kila kitu baadaye

Kama hujafanya hatua hii usinunue hata kopo moja la rangi. Barabara ya zamani ilijengwa na watu waliojua maji, ikatengenezewa mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili, na mitaro na kalvati za kuyapokea. Ikiachwa, mitaro inajaa mchanga, kalvati zinaziba, maji yanapanda juu ya lami na kuila kutoka chini. Waulize watu wa Makupa, lile tuta la zamani la barabara ya kuingia kisiwani liliziba mkondo wa bahari miaka na miaka na daraja lililofunguliwa 2022 likaja kurudisha maji yapite. Ukiziba maji yatakudai tu.

Tafuta mitaro ya zamani kwanza, usichimbe mipya. Chomeka fimbo ya chuma pembeni ya lami kila mita tano mpaka uone pale inapozama kirahisi, mara nyingi mtaro uko hapo chini ya mchanga. Uzibue kuanzia upande wa chini kwenda juu, ili maji yapate pa kutokea wakati unaendelea. Mteremko wa mtaro usipungue sentimita 1 kwa kila mita, na hii unapima na mpira wa levo, macho yatakudanganya.

Kalvati nayo anza upande wa chini. Tumia mti mrefu na jembe lililofungwa kamba, vuta mchanga nje kidogo kidogo. ONYO: mtu asiingie ndani ya kalvati, hata mtoto mwembamba, hata dakika moja. Kuna nyoka, vioo, hewa mbaya, na mawe ya zamani yanaweza kushuka.

Ukimaliza mwaga mitungi kumi ya maji pale juu na ukae utazame. Yakisimama popote kazi haijaisha. Hii yote ifanyike kati ya Januari na Machi, masika yakija Aprili iwe tayari.

Hatua ya 6: Fyeka na kusafisha

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne mumalize, jua la Mombasa si la kushindana nalo. Mikono mirefu, suruali ndefu, gambuti.

ONYO kuhusu upupu: kama kuna mtambaa wenye maganda ya manyoya ya kahawia, usifyeke mkavu upepo ukivuma. Ulowanishe maji kwanza, ukate chini shinani, uuzoe kwa reki. Tulipuuza siku ya kwanza na watu sita wakalala wakijikuna.

Usichome taka juu ya lami. Moto unayeyusha lami na moshi wa plastiki unaingia nyumba za watu. Mchanga uliofunika barabara utoe kwa chepe bapa taratibu, ukifika kwenye lami utasikia. Sisi tulikuta lami nzima chini ya sentimita 15 za udongo, watu walikuwa wanasema imekwisha zamani.

Miti iliyoota katikati ya ufa ikatwe na mzizi wake utolewe. Miti mikubwa ya pembeni iache, hicho ni kivuli umepewa bure.

Hatua ya 7: Rekebisha uso, usibomoe

Huwa naombwa ushauri na makundi yanayotaka kung'oa lami yote waweke paving. Nakataa kila mara. Ile lami na mawe yaliyo chini yake ndio msingi wenu, umeshashindiliwa na magari miaka mingi, hamtapata mwingine kama huo kwa pesa yenu. Na ndio historia yenyewe, ukiing'oa umebaki na njia yoyote tu.

Njia ya upana wa mita 2 na nusu mpaka 3 inatosha watu na baiskeli. Barabara ya zamani ikiwa pana zaidi, rekebisha ukanda huo mmoja vizuri, kwingine acha nyasi.

Shimo likatwe kingo ziwe wima, utoe yote yaliyolegea, ujaze kokoto na changarawe kwa tabaka za sentimita 7 hadi 10, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na lishindiliwe. Juu malizia kwa lami baridi ya mifuko au zege.

Pale lami imekwisha kabisa, mwaga zege la 1:2:4 (simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne), unene sentimita 10. Hesabu yake: mita 10 za urefu kwa mita 1.2 za upana zinakula kama mifuko 8 ya simiti ya kilo 50. Weka mkato kila mita moja na nusu ili likipasuka lipasukie hapo. Lifunike magunia na uyaloweshe siku 7. Maji yawe ya bomba, maji mengi ya visima vya huku yana chumvi, na mchanga wa baharini usiguse hata kama ni wa bure. Kwenye zege lenye nondo chumvi inaanza kula chuma mapema kuliko unavyofikiri.

Ukuta wa mawe ya matumbawe usiuzibe kwa simiti. Ulijengwa kwa chokaa, chokaa inapumua, simiti inafungia unyevu na chumvi ndani na jiwe linaanza kumong'onyoka kama biskuti. Tafuta fundi anayejua chokaa, Mji wa Kale bado wako, chokaa moja kwa mchanga tatu.

Sehemu zenye ngazi au mwinuko, kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu, ikizidi hapo kiti cha magurudumu hakipandi. Alafu mlete yule mwenzenu apite mwenyewe, bila kusukumwa, mtazame anakwama wapi.

Hatua ya 8: Milango

Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji sentimita 90 kupita vizuri. Usukani wa pikipiki ni mwembamba kuliko hapo. Kwa hivyo hakuna nguzo duniani itakayozuia bodaboda bila kumzuia pia mtu mwenye ulemavu, na yeyote atakaekuuzia geti la zigzag muulize mama mwenye mtoto kwenye kigari atapita vipi.

Weka nguzo kila mita 1.2. Gari halipiti, tuktuk haipiti, watu wote wanapita. Nguzo za chuma zitakatwa ziuzwe skrepa, mimina zege ndani ya bomba la plastiki la inchi 6, nusu mita iende chini, sentimita 90 zibaki juu, mstari mweupe kichwani zionekane usiku. Moja iwe ya kuchomoka, na kufuli, kwa ajili ya ambulensi, na funguo wakae nazo watu watatu wanaolala karibu.

Bodaboda mnamalizana nao kwa maneno. Sisi tulikaa na mwenyekiti wa stendi, tukawatengenezea banda la kivuli pale mwanzoni, wao wakajiwekea faini yao wenyewe. Inafanya kazi kwa sababu faini ni yao.

Hatua ya 9: Kivuli na pa kukaa

Bila kivuli hakuna mtu atatembea kabla ya saa kumi na moja jioni. Panda mwanzo wa masika. Mwarobaini unavumilia jua na udongo mbaya, mkungu unafungua kivuli haraka, mkwaju unachelewa lakini wajukuu wataula. Nafasi mita 6 hadi 8, na mita 2 kutoka mtaroni ili mizizi isirudi kuziba mlichozibua. Chini ya nyaya za stima usipande mti mrefu.

Mbuzi watakula kila kitu. Kila mche uwe na kizimba chake na uwe na jina la nyumba inayoumwagilia. Miche yetu ya kwanza 40 tuliipanda kwa pamoja bila mwenyewe, ikabaki 9. Ya pili tuligawa kwa nyumba, ikafa minne tu.

Kukaa, jenga mabaraza ya mawe na chokaa kama ya nyumbani, yasiyobebeka. Usiweke madawati ya mbao wala chuma.

Hatua ya 10: Weka kumbukumbu yake

Rekodi wazee kabla hamjaandika kibao chochote. Bado wako wanaokumbuka daraja la kuelea la Nyali, lile lililofunguliwa 1931 likatumika mpaka la sasa lilipokuja 1980, basi hawakosi wa kuwaambia basi lilisimama wapi kwenye kona yenu na pale palikuwa pakiitwaje. Bibi mmoja alitupa majina matatu ya mahali ambayo hayako kwenye ramani yoyote. Tuliyachora kwa kidole kwenye zege bichi, hayaibiki.

Jiwe la maili la zamani likipatikana liache pale pale lilipo. Likihamishwa linasema uongo.

Hatua ya 11: Zamu

Kila mita 50 na familia zake. Mitaro inazibuliwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na wa tisa, kabla ya masika na kabla ya vuli. Matumizi ya pesa yabandikwe ukutani kila mwezi, hata kama ni shilingi mia mbili ya sabuni.

Ukikwama

*Taka zinarudi kila usiku.* Hapo palikuwa jaa, watu hawana pengine pa kutupa. Kibao cha "usitupe taka" hakitasaidia. Tafuta kwanza wapi taka zitaenda, ongea na vijana wanaokusanya kwa mkokoteni wapite siku maalum, alafu pale palipokuwa jaa jenga baraza watu wakae.

*Mtu ameanza kujenga usiku.* Piga picha siku hiyo hiyo, peleka kwa mwenye barabara na nakala kwa chifu, na muhuri. Msiende kubomoa wenyewe, mtageuka nyinyi ndio wakosaji.

*Taa za sola zimeibiwa.* Zetu pia, zote sita. Sasa tunaomba wenye maduka na nyumba za kando waelekeze taa moja njiani na kikundi kinawachangia tokeni za stima. Kama kaunti itaweka mulika mwizi, zile taa za nguzo ndefu, ombeni iwe mwanzo wa njia, panapoingiliwa.

*Lami mpya ya kiraka imenyanyuka.* Karibu kila mara ni maji yako chini. Rudi hatua ya 5, usiweke kiraka juu ya kiraka.

*Mwanasiasa anataka kuizindua kwa jina lake.* Mkaribisheni atembee kama kila mtu. Jina la njia liwe kwenye katiba ya kikundi mapema, wakati bado hakuna anayeitaka.

*Watu wamechoka, kazini wanakuja watatu.* Punguzeni. Mita 100 zilizokamilika zinavuta watu kuliko mita 600 nusu nusu. Sisi tulisimama miezi miwili kwenye mita 150, tukazimaliza vizuri, watu wakaanza kutembea hapo hapo kwenda na kurudi, na waliokuwa wanatembea ndio waliokuja na majembe kudai iendelee.

*Mvua ya kwanza imebomoa ukingo.* Usiujaze udongo. Weka magunia ya mchanga kwa muda, ngoja mvua nyingine uone maji yanaingilia wapi, kisha fungua mtaro hapo na ujenge ukingo kwa mawe. Wetu tumeujenga mara mbili, wa sasa umeshapita masika mbili na haujasogea.